Mzee Taratibu na Mzunguko Mmoja wa Kishikio

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa tisa alasiri, mlenga shabaha wa kinu chetu cha unga atarudisha funguo za kabati la bunduki na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu, miezi minne na siku kumi na moja ya utumishi. Hesabu ya siku ni yake mwenyewe. Ofisi ya utumishi ilikuwa imeandika "zaidi ya miaka thelathini", naye akairudisha barua na kuomba ikamilishwe. Kwa tabia kama hiyo, wengi wenu hamumjui kwa jina jingine isipokuwa Mzee Taratibu.

Meneja aliniomba niandike ukurasa mmoja wa furaha kwa ajili ya programu ya hafla. Nimefanya kazi na Mzee miaka ishirini na miwili, kwanza nikiwa msaidizi wa ghala na sasa nikiwa mkuu wa ghala, kwa hiyo alidhani mimi ndiye ninayefaa. Furaha ipo, na nitaitoa kadiri niwezavyo. Lakini mtu huyu ameshavishwa vilemba vya ukoka vya kutosha kila mwisho wa mwaka, na sitaki kumvisha kingine siku anayoondoka. Kurasa zimezidi moja. Mchapaji nimeshamwambia.

Kwa wageni wetu, niseme kwanza kazi yenyewe. Penye nafaka pana panya na njiwa. Sumu haiwekwi karibu na chakula cha watu. Mitego huwanasa panya wajinga tu, na wajinga waliisha mapema. Paka tulikuwa nao wawili, wakanenepa mpaka wakawa wanapishana na panya njiani kwa adabu. Ndipo uongozi ulipoamua kununua bunduki ya upepo na kumtafuta mtu wa kuishika.

Mzee alikuwa kuli wa miaka ishirini na saba, mbeba magunia, mrefu, asiye na maneno mengi. Mkuu wa ghala wa wakati ule alimkuta akiwapiga panya kwa vipande vya mkaa, kila kipande na panya wake, akamkabidhi bunduki palepale. Bunduki hiyo haina baruti. Unaikunja katikati kama unayevunja muwa, springi inakaza, na ukifyatua, hewa inasukuma kidonge cha risasi kisichozidi punje ya dengu. Haina kelele na haichomi gunia. Ina teke la kurudi nyuma begani, hata hivyo, na teke lile likawa adui yake wa kwanza. Kila baada ya mapigo kumi darubini ya kulengea iliyo juu yake ilikuwa imesogea, naye anaambulia patupu mbele ya watu.

Aliandika barua kuomba kishikio cha darubini kinachoweza kurekebishwa. Aliandika kwa miaka miwili, kila baada ya miezi mitatu, barua ileile, akibadilisha tarehe tu. Kishikio kilipofika ndani ya kiboksi kidogo, aliwakusanya watu wa ghala na kuwaeleza kwa muda wa saa nzima, na nasikia wawili walisinzia. Ni kipande cha chuma kinachoibana darubini juu ya bunduki, na nyuma yake kina gurudumu dogo la kuzungusha kwa vidole. Ukilizungusha, sehemu ya nyuma ya darubini inainuka, na wewe ukiendelea kulenga palepale, mdomo wa bunduki unapanda, kwa hiyo kidonge kinafika mbali zaidi kabla ya kuanguka. Ndani ya Ghala Namba Mbili analenga hatua ishirini, na gurudumu linakaa chini, nyumbani kwake. Kwa njiwa wa kwenye minara ya nafaka, hatua sitini, linapandishwa. Alichora mstari mweupe kwenye gurudumu na mwingine kwenye bunduki, kwa rangi ya kucha ya mke wake, ili mistari ikikutana ajue amerudi nyumbani. Shemeji alilalamika kwamba chupa ilirudi nusu.

Faida ilionekana. Magunia yaliyotobolewa na panya yalikuwa mia na arobaini kwa mwezi, yakashuka hadi chini ya kumi, na hayajapanda tena. Wakaguzi hawajawahi kuturudishia shehena hata moja katika miaka yote hiyo. Wengi mnaikumbuka pia barua yake kuhusu bundi. Bundi alijenga kiota juu ya ghala, makuli wakagoma kuingia, meneja wa wakati huo akaamuru auawe. Mzee alijibu kwa maandishi kwamba bundi yule ni mfanyakazi mwenzake, tena hachukui likizo, na kumuua kungekuwa kumwachisha kazi bila sababu. Barua ile bado imebandikwa kwenye mlango wa ghala. Bundi alikaa miaka sita.

Hapo furaha yangu inaishia, na ninawaomba mnisomee mpaka mwisho.

Miaka kumi na tisa iliyopita, siku ya Alhamisi, Mzee alipiga njiwa wa minarani asubuhi, akairudisha bunduki kabatini, akaenda kula. Funguo za kabati zilikuwa mbili. Wa pili alikuwa nao msaidizi wa ghala. Madereva wawili wa malori walikuwa wanasubiri kupakia, wamechoka kukaa, na kunguru mmoja ametua juu ya tangi la maji ng'ambo ya uwanja. Msaidizi aliwaambia yule kunguru ni wake, waangalie tu. Msaidizi huyo ni mimi ninayeandika haya. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilipenda sana kuonekana.

Niliitoa bunduki. Nilishamwona Mzee akizungusha gurudumu la kishikio kila anapolenga mbali, nami nikalizungusha, tena kwa ukarimu, kwa kuwa tangi lilionekana mbali kweli. Nililenga, nikafyatua, nikakosa. Kunguru hata hakujisumbua kuruka. Madereva walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha nikasikia viatu vya Mzee kwenye kokoto, nikaingia ndani mbio, nikalirudisha gurudumu mpaka mstari mweupe ukakutana na mwenzake. Nikafunga kabati na kuanza kuhesabu magunia kwa sauti, kama mtu mwenye kazi nyingi.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba gurudumu lile lina mizunguko miwili. Mistari inakutana nyumbani, na inakutana tena ukipanda mzunguko mzima. Mimi nilikuwa nimepanda mzunguko na zaidi, nikarudisha ile zaidi tu. Kwa macho, kishikio kilikuwa mahali pake. Kwa kweli kilikuwa juu kwa mzunguko mmoja kamili.

Saa nane Mzee alichukua bunduki. Nilimwona akiugusa mstari kwa kidole, kama alivyofanya siku zote. Panya alikuwa kwenye safu ya juu ya magunia, njia ya tatu, na nyuma yake palikuwa na gunia la kupokea kidonge, maana Mzee hakuwahi kulenga mahali pasipo na gunia nyuma. Kidonge kilipita vidole vinne juu ya panya, kikapita juu ya lile gunia pia, kikagonga nguzo ya chuma, kikarudi chini kwenye njia ya nne. Siku zile ukuta wa magunia ulihesabiwa kuwa kinga tosha, na watu wa njia inayofuata hawakutolewa nje. Kwenye njia ya nne alikuwepo mfagiaji wetu, Mama Pacha, ameinama akikusanya nafaka iliyomwagika.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nani kanirushia kitu?" kisha akakaa chini. Alikuwa na mabinti wawili pacha waliokuwa darasa la tatu. Jicho la kushoto halikupona.

Kikao cha uchunguzi kilikaa Jumatatu. Aliletwa fundi wa bunduki, akakifungua kishikio mezani mbele yetu, akaeleza habari ya mizunguko miwili, na kuonyesha kwamba kilikuwa juu kwa mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nikajua nina dakika chache tu za kusema. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mtu mwingine aliyeigusa bunduki siku ile. Nikajibu, "Hapana, mwenyekiti, hakuna." Sikugugumia hata kidogo. Madereva walikuwa wameshaondoka na malori yao, na hakuna aliyekumbuka kuwaita.

Mzee aliwaambia aliangalia mstari, na mstari ulikuwa mahali pake. Mwenyekiti akamweleza kwa upole kwamba mstari hauhesabu mizunguko, kwa hiyo bila shaka ule wa asubuhi, wa njiwa, hakuurudisha. Mzee alihesabu kwa vidole juu ya goti lake, kwenda na kurudi, mara tatu au nne, na mimi nikimtazama kutoka kiti cha pili. Mwishowe akasema, "Basi nitakuwa nimesahau." Karani akayaandika maneno hayo, na ndiyo yaliyomo kwenye faili lake mpaka leo, chini ya neno "uzembe".

Cheo cha mkuu wa ghala kilikuwa kinamsubiri yeye mwezi wa Januari. Nilipewa mimi.

Baada ya hapo ndipo alipokuwa Taratibu. Kabla ya kila pigo alilishusha gurudumu mpaka likagoma, akahesabu kwa sauti, akaandika kwenye daftari, akatia sahihi, akaomba mtu wa pili atie sahihi. Madaftari sasa ni arobaini na moja. Kengele ya kuwatoa watu wote ghalani, milango yote mitatu kufungwa, mtu kusimama kila mlango: hizo ni kanuni zake, na hakuna aliyeumia tena hata ukucha. Lakini sisi tulicheka. Tulisema mpaka Mzee amalize kuhesabu, panya ameshakula, amenawa mikono na kulala. Jina la Mzee Taratibu nililibuni mimi, nikiwa nimeegemea mlango, watu wamejaa, na nikafurahi sana lilipokolea.

Mke wake, shemeji yetu, aliwahi kuniambia msibani kwao kwamba mumewe ameacha kujiamini hata nyumbani. Anafunga mlango, anakwenda kitandani, anarudi kuutikisa. Anazima jiko na kumwomba yeye aende kuhakikisha. Akanishukuru kwa kuwa rafiki mwema wa mumewe. Nilikula chakula cha msiba, nikaomba na cha kubeba.

Na kila asubuhi kwa miaka hiyo yote kumi na tisa, Mzee alisimama karibu na geti mpaka Mama Pacha apite, akamwambia, "Umeamkaje, dada?" Mama Pacha hakujibu. Hakumtukana, hakumtazama vibaya, alipita tu kama anayepita nguzo. Mzee aliwahi kumpelekea mchele, ukarudishwa. Aliomba mabinti wasaidiwe kupata kazi kinuni, mama yao akakataa akisema hawataingia mahali pamoja na yule. Mimi nilikuwa nafika dakika tano baadaye. Nilisema, "Shikamoo, mama," naye akaniitikia, "Marahaba, mwanangu," na kuniuliza habari za watoto.

Wiki iliyopita Mzee alikuwa anamkabidhi kazi mlenga mpya, dada mmoja hodari mliyeanza kumzoea. Nilikuwepo na funguo. Alimwonyesha kishikio, gurudumu, mistari, mizunguko miwili. Kisha akamwambia, kama anavyowaambia wageni wote wa ghala kila mwaka, "Usiuamini mstari, na usijiamini wewe. Mimi nilisahau mzunguko mmoja nikamtoa mtu jicho. Mwenyewe sikumbuki kusahau, lakini nilisahau." Mlenga mpya aliitikia kwa heshima. Nami niliitikia.

Jumamosi nilimfuata chumba cha bunduki, nikafunga mlango, nikamwambia yote, kunguru, madereva, viatu kwenye kokoto. Nilitegemea anipige, na nilikuwa tayari. Alikuwa anapaka mafuta springi. Aliweka kitambaa chini, akaniuliza gurudumu nililizungusha mara ngapi, nikamwonyesha kwa mkono. Akanitaka nionyeshe tena. Halafu akasema, "Kwa hiyo niliangalia."

Nikasema ndiyo, Mzee, uliangalia.

Akasema, "Na asubuhi niliurudisha."

Nikasema uliurudisha.

Alianza kulia, bila kujificha, akiwa ameishika meza kwa mikono miwili. Nilikaa kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuondoka. Alipotulia hakuniambia amenisamehe, nami nisingekubali aseme. Aliniuliza, "Mama Pacha anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Basi wewe unafanya nini hapa? Nenda."

Jumapili nilikwenda kwa Mama Pacha. Mabinti zake, ambao sasa ni watu wazima, walinikaribisha vizuri, wakaniwekea kiti, na mmoja akataka kuninunulia soda. Nikamwomba asiende. Niliyasema yale yale mbele ya wote watatu. Mama Pacha alinisikiliza mpaka mwisho, amenigeuzia upande wa jicho linaloona. Kisha akasema, "Miaka kumi na tisa nakuitikia wewe." Binti mmoja akaninyooshea kidole kuelekea mlangoni.

Jumatatu nilifika mapema na kukaa ofisini dirishani, kwa sababu sikuthubutu kusimama getini. Mzee alikuwa mahali pake. Mama Pacha aliingia na mkoba wake, na safari hii hakupita. Alisimama mbele yake, na kabla Mzee hajafungua kinywa akamwambia kitu. Sikukisikia kwa sababu ya mashine. Niliona Mzee anavyobabaika, anavua kofia, anaivaa, anaivua tena. Alikuwa amezoea kuanza, hakujua mtu akikuanza unajibu nini. Walisimama pale mpaka foleni ya makuli ikawazunguka kwa pande zote mbili. Baadaye Mama Pacha alipita chini ya dirisha langu. Nikasema shikamoo, mama. Akapita.

Barua yangu iko kwa meneja tangu Jumatatu hiyohiyo. Nimeomba neno "uzembe" litolewe kwenye faili la Mzee na liandikwe kwenye langu, na nimeacha cheo kilichokuwa chake. Watakachoamua juu yangu ni juu yao. Kwenye programu mtaona kipengele cha "Neno la mkuu wa ghala" kimefutwa. Atazungumza mstaafu mwenyewe, na Mama Pacha ameomba akae meza moja naye na shemeji.

Mzee wetu, kwa niaba ya wenzangu wa ghalani, ofisini, kwenye mashine na getini, asante kwa mkate ambao watu wameula bila kujua ni nani aliyeulinda. Asante kwa kengele, kwa milango mitatu, kwa madaftari arobaini na moja yaliyotuweka salama kwa ajili ya kosa ambalo hukulifanya. Tunawatakia wewe na shemeji miaka mingi ya afya na utulivu, nasi tutafurahi tukisikia unachelewa kuamka. Ijumaa usiku funga mlango wako mara moja, Mzee, uende ukalale. Utakuwa umeufunga.